Handaki la zamani Chunya: ni nini kilichomwangusha kijana huyu ilhali taa zilikuwa zinawaka?

#1 Mwana wa Lupa

Habari za jioni wanajukwaa. Naomba mnisaidie kulielewa jambo lililotokea huku kwetu Chunya wiki iliyopita, kwa sababu kila ninayemuuliza ana maelezo yake.

Vijana wanne wa kijijini, mmoja wao mdogo wangu kwa mama mdogo, waliingia katika handaki la enzi za ukoloni lililochimbwa kwa mlalo ubavuni mwa kilima. Walikwisha kuingia humo asubuhi moja ya kiangazi wakatoka salama, kwa hiyo hawakuwa na hofu. Safari hii waliingia alasiri, mawingu yakiwa yametanda na mvua ikinukia. Baada ya kona ya pili handaki linateremka hadi kwenye dimbwi la maji meusi. Mdogo wangu alitangulia, akakanyaga maji, na alipoinama kuokota kipande cha mwamba magoti yakalegea, akaanguka kifudifudi pembeni ya dimbwi bila kutoa sauti. Mwenzake aliyeshuka kumwinua alihisi kifua kinabana na masikio yanavuma, akarudi nyuma. Walimtoa kwa kumvuta, kwa sababu mama yake alikuwa amemlazimisha kujifunga kamba ya katani kiunoni kabla hajaondoka nyumbani.

Alizinduka baada ya kufikishwa nje, ila kichwa kiliendelea kumuuma kwa muda mrefu. Taa za simu zilikuwa zinawaka muda wote, na ndiyo maana wao wenyewe wanashikilia kwamba hewa ilikuwepo. Swali langu ni hili: kama watu walichimba humo kwa miaka mingi wakarudi makwao wazima, leo kimebadilika nini?

#2 Kaka Matimba

Pole sana kwa mdogo wako, mkuu. Nianze na hilo la taa. Taa ya simu inatumia betri na haihitaji oksijeni hata chembe, kwa hiyo itaendelea kuwaka kifuani mwa marehemu. Hilo peke yake lifike kwa vijana wote wa kijiji.

#3 Mpima Miamba

Swali la mwisho la mleta uzi ni zuri. Mgodi unaofanya kazi huwa na hewa inayozunguka: inaingia mlango mmoja, inatokea shimo jingine, na mara nyingi kuna feni za kuisukuma. Mgodi ukiachwa, mashimo ya kupumulia huporomoka na kuziba, na kinachobaki ni mfuko wenye mdomo mmoja.

Ndani ya mfuko huo kazi ya kula oksijeni haisimami. Mishipa ya kwatsi, yaani jiwe jeupe linalobeba dhahabu, ya huko Lupa (eneo la dhahabu la Chunya) ina pairaiti, madini ya chuma na salfa ambayo wengi huyaita dhahabu ya uongo. Pairaiti ikikutana na hewa na unyevu hushika kutu, na kutu hiyo inachukua oksijeni kutoka hewani mwaka baada ya mwaka. Magogo yaliyoegemeza dari nayo yanaoza, yanakula oksijeni na kutoa hewa ukaa. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9. Ikishuka chini ya asilimia 10 mtu hupoteza fahamu, na kwenye asilimia 6 au chini yake kifo huja ndani ya dakika chache. Hewa ukaa nayo ni nzito kuliko hewa ya kawaida kwa takriban mara moja na nusu, kwa hiyo hutulia mabondeni. Kijana aliinama mahali pa chini kabisa pa handaki. Kwangu mimi maelezo yameishia hapo.

#4 Nesi wa Zamu

Nakubaliana na Mpima Miamba kuhusu oksijeni, ila bado hatujafika mwisho. Mwili wa binadamu hausikii upungufu wa oksijeni. Unachosikia ni kuongezeka kwa hewa ukaa katika damu, na hiyo ndiyo inayotufanya tuheme. Mtu akiingia mahali palipopungua oksijeni tu, anaweza kuanguka bila kuhisi kuishiwa pumzi. Lakini yule wa pili alibanwa kifua, jambo linaloelekea zaidi kwenye hewa ukaa.

Kisha kuna maumivu ya kichwa yasiyoisha. Hayo hunifanya niulize habari za kaboni monoksaidi, gesi ya sumu itokanayo na moshi wa injini, ambayo haina rangi wala harufu, na hujishikiza kwenye damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Je, kuna mtu aliyewasha injini ya petroli humo ndani au karibu na hapo siku zile?

#5 Mwana wa Lupa

Dada Nesi, ahsante. Ndiyo, juu ya kilima kuna duara, yaani shimo la kuchimbia, la wachimbaji wadogo, na siku iliyotangulia walikuwa wanavuta maji kwa pampu ya petroli waliyoiteremsha ndani. Wenye duara wanaapa kwamba shimo lao halijakutana na handaki la zamani.

#6 Kifusi Safi

Hakuna haja ya pampu. Mirerani, kwenye machimbo ya tanzanite, mwaka 1998 watu walikufa kwa gesi na hakukuwa na pampu yoyote. Mashimo ya zamani yanatoa gesi yenyewe.

#7 Apolo Mstaafu

Ndugu Kifusi Safi, hapo umechanganya mambo mawili, na mimi mambo hayo nimeyaishi. Mwaka 1998 Mirerani lilikuwa ni janga la maji: mvua za El Niño ziliingia kwenye machimbo na kuwakuta wenzetu chini. Mafuriko yalirudi tena Machi 2008. Janga la hewa ni la Juni 2002, ambapo makumi ya wachimbaji walikosa hewa baada ya mtambo wa kuwapelekea hewa kushindwa kufanya kazi.

Kuhusu neno la wenye duara kwamba hawajakutana na handaki, mimi silipokei. Kule kwetu mitobozano ni jambo la kila siku. Unachimba ukifuata mshipa, jirani naye anafuata mshipa uleule kutoka kitalu chake, na siku moja ukuta unafunguka mnatazamana. Wakati mwingine hamtazamani, kwa sababu kinachofunguka ni ufa wa upana wa kidole tu, na moshi hauhitaji zaidi ya hapo. Maji vilevile hupitia njia hizo, ndiyo maana shimo la mbali linaweza kujaa ilhali mvua haijaingia mdomoni mwake. Mashimo ya zamani ndiyo ya kuogopwa zaidi kwa sababu hakuna aliye hai anayejua yalielekea wapi, na ramani, kama ilikuwepo, aliondoka nayo mwenye kampuni.

#8 Mzee wa Magharibi

Salamu kwenu vijana. Nimesoma maelezo ya wasomi na siyadharau. Lakini nani asiyejua kwamba Mjerumani aliacha mali zake katika mahandaki na akazitegea sumu? Kijana aliinama kuokota, ndipo akaanguka. Hakuanguka alipokuwa anatembea. Na kabla ya kuingia kwenye kilima kile wazee wetu walikuwa na utaratibu wao wa kuomba njia. Vijana hawa waliomba?

#9 Binti Iramba

Shikamoo mzee wangu. Naomba nitofautiane nawe kwa heshima katika sehemu moja tu, ile ya Mjerumani.

Mgodi wa dhahabu uliochimbwa kweli na Wajerumani uko kwetu Iramba, pale Sekenke. Dhahabu yake ndiyo iliyotumika mwaka 1916 kutengeneza sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo, zilizopigwa Tabora wakati wa vita, kwa hiyo dhahabu hiyo haikuachwa mapangoni. Machimbo ya Lupa yalivuma miaka ya 1930, Mwingereza akiwa ndiye mtawala, na mgodi mkubwa wa New Saza ulifungwa mwaka 1956. Handaki la Chunya la kina kirefu lina uwezekano mkubwa wa kuwa la wakati huo. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu hadithi ya mali ya Mjerumani ndiyo inayowaingiza vijana wetu mashimoni. Kwetu watu wanauza ng'ombe kununua vifaa vya kutafutia rupia.

#10 Mzee wa Magharibi

Marahaba binti. Habari za sarafu nimezipokea. Hata hivyo, swali langu kuhusu kuomba njia halijajibiwa.

#11 Kaka Matimba

Mzee, zamani kule Geita nilikuta wazee wakiwasha moto mdogo mdomoni mwa shimo na kusubiri kabla mtu hajashuka. Huenda tambiko lenyewe lilikuwa ndiyo kipimo chao cha hewa.

#12 Mzee wa Magharibi

Kijana, tambiko si kipimo cha hewa, wala halihitaji kupewa cheo hicho ndipo liheshimiwe. Tunaomba njia kwa sababu mlima una wenyewe. Moto ni moto, na tambiko ni tambiko.

#13 Fundi Visima

Nimechimba visima na mashimo ya choo karibu maisha yangu yote, na ninaona mmepita juu ya jambo kubwa: maji meusi. Kijana alikanyaga maji. Maji yaliyolala juu ya magogo yaliyooza hutengeneza salfaidi ya haidrojeni, ile yenye harufu ya yai viza, na sehemu kubwa ya gesi hiyo hubaki imefungwa ndani ya maji na tope hadi pale mtu anapoyatibua. Ukiyatibua inapanda yote kwa mkupuo. Ikiwa nyingi, mtu huanguka papo hapo kama aliyekatwa miguu. Wenzangu wawili kazini nimewaona wakianguka namna hiyohiyo, tena walipokuwa wameinama.

Ubaya wake ni kwamba pua inakudanganya. Kiasi kidogo kinanuka vibaya, lakini kikifika sehemu 100 kwa milioni pua inakufa ganzi, unadhani gesi imekwisha kumbe umeingia katikati yake. Muulizeni kijana wa pili kama alisikia harufu.

#14 Mwana wa Lupa

Nimemuuliza jioni hii. Anasema kwenye kona ya pili alisikia harufu mbaya, akadhani ni mzoga wa popo, na walipoanza kuteremka hakuisikia tena. Wale wawili waliobaki nyuma hawakusikia chochote.

#15 Fundi Visima

Basi ndiyo hiyo.

#16 Mpima Miamba

Fundi, usifunge mjadala haraka. Harufu iliyosikiwa na mmoja kati ya wanne inaweza kuwa mzoga wa popo kweli. Nakubali kwamba maji meusi na magogo yaliyooza yanatosha kutengeneza gesi hiyo. Hata hivyo, maelezo yako hayamgusi yule wa pili, ambaye alibanwa kifua akiwa bado hajakanyaga maji.

#17 Upepo wa Kusi

Mimi nimefanya kazi ya kupima hali ya hewa, na kilichonivutia ni tofauti ya asubuhi na alasiri, ambayo mleta uzi aliitaja na wote mkaipita.

Mashimo ya zamani hupumua. Kanieneo, yaani mgandamizo, ya hewa ya nje ikipanda, hewa safi husukumwa kuingia ndani. Ikishuka, hewa iliyokaa vilindini hutoka na kujaa njiani hadi karibu na mdomo. Katika nchi za tropiki kanieneo hupanda na kushuka kila siku kwa mpangilio unaojulikana: hufika kilele mnamo saa nne asubuhi na kushuka chini kabisa mnamo saa kumi alasiri. Wakati mwingine mawingu mazito ya mvua huja na mshuko wake juu ya huo. Kwa hiyo handaki lilelile linaweza kuwa salama asubuhi na kuwa kaburi alasiri. Mtu anayesema "niliingia jana sikuona tatizo" hajapima chochote.

#18 Kifusi Safi

Maelezo haya yamenigusa. Swali la vitendo: je, mtu akiingia na mshumaa au koroboi si atajua mapema? Moto ukizimika anarudi.

#19 Fundi Visima

Sisi tunateremsha koroboi kwa kamba kabla ya mtu kushuka, na imeokoa watu.

#20 Mpima Miamba

Mshumaa huzimika oksijeni ikifika takriban asilimia 16, kwa hiyo unatoa onyo kabla mtu hajaanguka. Hilo ni kweli. Lakini taa ya kabaidi, ambayo baadhi ya wachimbaji bado wanaitumia, huendelea kuwaka hadi takriban asilimia 12 au 13, na hapo akili ya mtu imekwisha kuvurugika. Mshumaa pia hauonyeshi kaboni monoksaidi wala salfaidi ya haidrojeni, kwa sababu kiasi kinachoua ni kidogo mno kuweza kuugusa mwali. Tena moto wenyewe unaweza kuwa ndio msiba iwapo kuna methani, gesi inayolipuka ikikutana na mwali.

#21 Kaka Matimba

Methani ni ya migodi ya makaa ya mawe, mkuu. Kwenye dhahabu haipo.

#22 Binti Iramba

Ipo. Mwaka 2023, huko Virginia katika jimbo la Free State, Afrika Kusini, watu 31 waliokuwa wakichimba kwa siri katika mgodi wa dhahabu uliofungwa tangu miaka ya 1990 walikufa, na serikali ya huko ilieleza kuwa methani ililipuka. Walikuwa raia wa Lesotho.

#23 Kaka Matimba

Miamba ya huko si miamba ya Chunya.

#24 Mpima Miamba

Ni kweli si ileile, na sisemi kwamba Chunya kuna methani. Ninachosema ni kwamba huwezi kuingia na moto kwa kutegemea kwamba haipo.

#25 Rosterman Road

Habari zenu kutoka Kakamega. Huku kwetu mgodi wa Rosterman ulifungwa mwaka 1952, na watu wameendelea kuchimba kandokando yake hadi leo. Sisi hewa ni tatizo la pili. La kwanza ni ardhi yenyewe, na nimeshangaa kwamba katika uzi wote huu hakuna aliyeitazama sakafu.

Lile dimbwi mnaloliita dimbwi, nani amepima kina chake? Wachimbaji wa zamani walikuwa na desturi ya kutoboa shimo la wima katikati ya sakafu ya handaki ili kuufuata mshipa kwenda chini. Mgodi ukiachwa, maji hupanda hadi usawa wa sakafu na unaona kama tope la kukanyaga. Mahali pengine shimo lilifunikwa kwa mbao, vumbi na kifusi vikatulia juu yake, na mbao zimeoza kwa miaka 70. Ukikanyaga hapo hakuna atakayekufuata. Mama wa kijana yule na kamba yake ya katani apewe heshima yake, kwa sababu kamba hiyo ilimkinga na mambo mawili, na moja kati ya hayo hakulijua.

#26 Mwana wa Lupa

Jambo la kina cha dimbwi halikuwahi kunipitia akilini. Kijana anasema mguu mmoja uligusa mwamba mgumu, na mwingine "haukugusa kitu", lakini alidhani ni kizunguzungu.

#27 Apolo Mstaafu

Mkuu, maneno hayo yamenisisimua mwili.

Niongeze kuhusu dari. Matimba ya zamani, yale magogo ya kuegemeza dari, yanaonekana mazima kwa nje. Yabonyeze kwa kisu utaona kinaingia kama kwenye mkate. Na yasiguswe kabisa, hata kwa kuegemea, kwa sababu huenda gogo lile limebaki na kazi ya kushikilia jiwe moja tu, na jiwe hilo ndilo linaloshikilia mengine. Mnakumbuka Nyangarata, wilayani Kahama, mwaka 2015: mgodi uliokuwa umeachwa uliporomoka tarehe 5 Oktoba na kuwafunika wachimbaji. Watano waliokolewa baada ya siku 41, wakiwa wameishi kwa mizizi, wadudu, vyura na maji yaliyokuwa yakidondoka kutoka juu. Mwenzao mmoja alikuwa amekwisha kufa humo ndani.

#28 Nesi wa Zamu

Kaka Apolo, tukio hilo linatuambia pia kwamba hewa ya mashimo ya zamani hutofautiana mno. Nyangarata watu walipumua siku 41, na Chunya mtu ameanguka katika muda wa kuinama.

#29 Durba Mlimani

Jambo kwenu ndugu zetu wa Tanzania na Kenya. Ninaandika kutoka Kongo. Mleta uzi ametaja mzoga wa popo, na hilo ndilo lililonifanya nijiunge.

Kwetu Durba, kati ya mwaka 1998 na 2000, ugonjwa wa Marburg, homa kali ya virusi vinavyobebwa na popo, ulipata watu 154 na kuua 128. Wengi wa waliouanza walikuwa vijana wa kuchimba dhahabu kwenye mgodi wa Goroumbwa, wenye popo wengi, na ugonjwa ulikwisha wakati mgodi ulipojaa maji. Uganda nao waliupata mwaka 2007 kwenye mgodi wa Kitaka. Baadaye popo wa Kitaka waliuawa na mashimo yakazibwa, lakini popo walirudi, na mwaka 2012 wanasayansi walikuta kiwango cha popo wenye virusi kimekuwa kikubwa kuliko awali. Kwa hiyo mtu yeyote asishauri kuwachoma moto popo wa Chunya. Muulizeni kijana kama ana homa, na kama waligusa mzoga au kinyesi.

#30 Nesi wa Zamu

Nampigia mstari Durba Mlimani. Dalili za Marburg huweza kujitokeza hadi siku 21 baada ya kuambukizwa. Mkuu Mwana wa Lupa, vijana wote wanne, si aliyeanguka peke yake, wakipata homa kali wakati huo waende hospitali na waseme waziwazi kwamba waliingia kwenye handaki lenye popo. Daktari asipoambiwa atatibu malaria.

#31 Mwana wa Lupa

Nimewaita wote wanne na mama zao. Mpaka leo hakuna mwenye homa. Hawakugusa popo, ila wote walikanyaga kinyesi cha popo hao.

Nina taarifa nyingine. Jamaa mmoja anayefanya kazi mgodini alikuja na kipimo cha gesi nne, akakifunga kwenye mwanzi mrefu akakisukuma ndani akiwa amesimama mdomoni, bila kuingia. Kilifika karibu na kona ya kwanza tu. Oksijeni ilisomeka asilimia 20.4, gesi nyingine sifuri. Wazee wa kijiji sasa wanasema hewa ni nzuri na tatizo si hewa.

#32 Upepo wa Kusi

Alipima saa ngapi?

#33 Mwana wa Lupa

Saa tatu na nusu asubuhi.

#34 Upepo wa Kusi

Basi amepima hewa iliyokuwa inaingia kutoka nje. Arudie saa kumi alasiri, siku ya mawingu.

#35 Fundi Visima

Na maji hayakutibuliwa. Kipimo hicho hakijanigusa.

#36 Nesi wa Zamu

Wala pampu haikuwa inafanya kazi, au sivyo? Kaboni monoksaidi ya wiki iliyopita haitakuwepo leo.

#37 Mpima Miamba

Nyote mna haki ya kusema hivyo. Nami naongeza kwamba hata asilimia 20.4 mdomoni, ambapo hewa inapaswa kuwa sawa na ya nje, inaonyesha kuwa huko ndani kuna kitu kinachokula oksijeni, ingawa tofauti ndogo namna hiyo inaweza pia kuwa ni kasoro ya kipimo chenyewe. Kwa vyovyote vile, asiwepo mtu wa kuingia ili kututhibitishia nani yuko sahihi.

#38 Mzee wa Magharibi

Hapo tumekubaliana, mwanangu.

#39 Mwana wa Lupa

Serikali ya kijiji imeandika barua kwa Afisa Madini Mkazi kuomba handaki lifungwe. Kuna mjumbe anataka lizibwe kabisa kwa mawe na saruji, na mwingine anataka geti la nondo. Wenye uzoefu mnashauri lipi?

#40 Durba Mlimani

Geti la nondo za mlalo, zenye nafasi ya popo kupita na isiyoruhusu mtoto kupenya. Ukiziba kwa saruji popo watatafuta mahali pengine, na mahali penyewe pasije pakawa darini mwa shule.

#41 Apolo Mstaafu

Mimi naunga mkono geti, ila kwa sababu nyingine: maji. Ukuta wa saruji unakusanya maji ya mvua nyuma yake, na siku ukifumuka utashuka na kila kilichoko bondeni. Waulizeni pia wenye duara la juu. Kama handaki linapumulia kwao, basi wao ndio walio hatarini kila alasiri, na hakuna aliyewaandikia barua.